Bei ya Redioni, Nyumba ya Kalundu

Uvira, tarehe 8 Julai 2024

Bilal, mpwa wangu,

Kosa wanalolifanya watu wengi wanapouza nyumba ni kuamini kwamba bei waliyoisikia redioni ni bei ambayo mtu fulani amelipa. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na sita. Mwanafunzi aliyekosea kujumlisha nilimsahihisha kwa dakika moja. Aliyenisumbua mwaka mzima ni yule aliyepokea namba bila kuuliza imetoka wapi.

Sasa salamu. Asalaam aleikum. Hapa Uvira tuko wazima. Mama yako anakusalimia, dada yako Chadia anakusalimia, na mimi mjomba wako nakusalimia kwa karatasi kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho ilikatika mara tatu, na kwa hesabu yangu mtandao uliikata mara moja tu. Barua haikatiki. Ukikasirika, utaiweka chini, kisha utairudia.

Nyumba ya marehemu baba yenu, hapo Kalundu, imepata mnunuzi. Anaitwa Florentine, mwanamke wa Katogota anayepeleka mchele na chumvi kwa maboti. Hataki kulala ndani yake. Anataka depo karibu na bandari; atajaza mawe, atainua sakafu, na magunia atayapanga juu ya mbao. Maji ya ziwa ameyaona kwa macho yake na hakuna aliyemficha kitu. Anatoa dolari elfu kumi na saba na mia tano, zote kwa pamoja.

Na mama yako amepata pa kwenda. Mzee Selemani anauza nyumba yake ndogo ya upande wa mlima, juu ya barabara, vyumba viwili na kisima cha mvua, kwa elfu kumi na tatu na mia tano. Ameahidi kumngojea hadi tarehe kumi na tano Septemba. Baada ya hapo anahamia kwa mwanawe Bujumbura, na nyumba ataipata yeyote mwenye pesa mkononi.

Kwa hiyo tunahitaji kitu kimoja tu kutoka kwako: sahihi yako kwenye PV ya familia, ile karatasi ya makubaliano. Mama yako ametia ya kwake, Chadia ya kwake. Wewe ndiye mkubwa wa watoto. Bila wewe, shefu wa avenue, mkuu wa mtaa wetu, hatapiga muhuri, naye Florentine hatatoa hata senti. Karatasi nimeifunga pamoja na barua hii.

Fikiria beseni la ndagala, samaki wale wadogo wa ziwa letu, pale Kalundu. Asubuhi mwenye beseni anataja bei ya kutisha. Saa sita anauza kwa bei nyingine kabisa. Mwandishi wa habari akija asubuhi ataandika ile ya kutisha, na hatakuwa amesema uongo. Ila wewe uliye mbali utadhani watu wamekula ndagala kwa bei ile.

Tia sahihi, umpe mtu wa boti.

Mjomba wako,
Ismaili


Kalemie, tarehe 15 Julai 2024

Mjomba Ismaili,

Waaleikum salaam. Barua nimeipata, ikinuka hizo ndagala zako. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa hasira kidogo, unisamehe.

Mjomba, elfu kumi na saba na mia tano? Hapa sokoni watu wa Uvira tukikutana hatuzungumzi tena mpira, tunazungumza nyumba. Redio ya kwetu tunaifuata kwa simu, na tangu Mei imesema: nyumba za Uvira zimefika elfu thelathini na nne. Si minye niliyesema. Ni muntu aliyesoma, amekaa mbele ya mikro, ametaja namba. Jana fundi mwenzangu ameniambia mbele ya wateja, "Bilal, weye iko tajiri, bado unashika spana ya nini?" Wote wamecheka. Minye pia nimecheka, lakini maneno yalinikaa vizuri tumboni.

Yetu iko karibu na bandari. Zile za redio hazikutajwa kama ziko karibu na bandari. Kama za kawaida ni thelathini na nne, yetu haiwezi kuwa chini. Huyo mama wa Katogota anasikiliza redio kama sisi, ila anajifanya kiziwi.

Unaniandikia juu ya maji. Minye si mtoto. Najua maji yaliingia Kalundu mwaka huu. Lakini yalisimama kwa majirani. Chadia alinitumia picha siku ya Idi ya kuchinja: mama amesimama mlangoni, kitenge kipya, anacheka, ukuta mukavu nyuma yake. Picha iko kwenye simu yangu, nimeitazama tena leo.

Matofali ya nyumba ile niliyabeba kichwani nikiwa na miaka kumi na miwili. Baba alihesabu kila tofali. Sasa mnataka niandike jina langu chini ya nusu ya bei yake, nionekane mbele ya watu kama mtoto aliyedanganywa.

Bei ya haki ikija, nitatia sahihi siku ile ile. PV naiweka hapa kwangu.

Mpwa wako,
Bilal


Uvira, tarehe 24 Julai 2024

Bilal,

Hasira yako nimeipokea. Ina adabu, nami sikufundisha miaka yote ile nitafute wanafunzi wasiobisha.

Tuchukue maneno yako moja baada ya jingine. "Nyumba za Uvira zimefika elfu thelathini na nne." Nyumba ngapi? Ya nani? Ilikuwa wapi? Nani alilipa, na lini? Ukiweza kujibu maswali hayo, hata mawili tu, nitakaa kimya. Usipoweza, basi huna bei. Una sauti tu, na sauti ile imewafikia watu wengi kwa wakati mmoja; ndiyo maana inaonekana nzito.

Nikuambie ninachokiona kwenye avenue yetu. Kabla ya Mei, nyumba ikitangazwa iliuzwa kwa miezi miwili au mitatu. Tangu ile habari, nimehesabu nyumba saba zinazouzwa kati ya kanisa na bandari. Wenyewe wote walipandisha bei wiki moja. Hakuna iliyonunuliwa. Wanangojea mnunuzi wa redio, na mnunuzi wa redio hajashuka kwenye boti yoyote.

Florentine alikuja tena Jumamosi, akaketi na mama yako. Dada yangu unamjua, hawezi kuuza kitu bila kumchokoza mnunuzi.

"Weye unanunua nyumba ama unanunua ziwa?" akamuuliza.

"Nanunua mlango unaotazama bandari, mama. Ziwa nitapigana nalo mwenyewe."

"Litakushinda."

"Limeshanishinda mara mbili, ndiyo maana nalijua. Weye umri wako si wa kupigana nalo."

Mama yako akamwongezea chai. Mgeni alipoondoka, akaniambia, "Huyu ndiye." Nilidhani anasema juu ya pesa. Hapana. Alisema hivyo kwa sababu Florentine alikagua kila ufa wa ukuta na hakujifanya hauoni.

Kuhusu picha ya Idi: muulize aliyeipiga alisimama wapi. Zaidi ya hapo sina ruhusa ya kuandika. Mama yako amenikataza, na ingawa mimi ni mkubwa wake, nimemtii.

Zimebaki wiki saba na siku chache hadi tarehe ya mzee Selemani.

Mjomba wako,
Ismaili


Kalemie, tarehe 3 Agosti 2024

Chadia,

Hii ni yako peke yako, usimwonyeshe Mjomba. Nimezungumza na Chadrack, yule komisioneri anayeuzisha nyumba huko kwenu. Atakuja na kopo la rangi nyekundu aandike kwenye ukuta, upande wa barabara: NYUMBA HII HAIUZISHWI. Kama watu wanavyoandika wote wakiogopa nyumba yao kuuzwa kwa nyuma. Umwache aandike, usimpigie kelele.

Sina ubaya na mtu. Ila Mjomba iko na haraka, na mama anamsikiliza sana. Maandishi yatamfukuza huyo wa Katogota, na mnunuzi mukubwa atafahamu kwamba tunajua thamani yetu.

Halafu, ile picha ya Idi, uliipigia wapi? Mjomba ameandika maneno ya kuzunguka.

Yaya wako, kaka yako mkubwa,
Bilal


Uvira, tarehe 14 Agosti 2024

Yaya Bilal,

Barua yako nimemwonyesha Mjomba. Nimemwonyesha na mama pia. Kama ulitaka siri usingetuma na rangi nyekundu.

Chadrack amekuja Jumatano mama akiwa sokoni. Ameandika herufi kubwa hata watu wa kwenye maboti wanazisoma. Nimemuuliza, "Chadrack, weye si ndiye unayeitafutia mnunuzi? Sasa unaandika haiuzishwi?" Akacheka: "Dada Chadia, hiyo ni ya kufukuza wanunuzi wadogo. Wakubwa wanajua kupiga simu." Mama aliporudi alisimama barabarani na kikapu kichwani, akasoma ukuta wake mwenyewe kama mgeni. Aliingia, akaanza kuchambua mboga.

Florentine alipita Ijumaa na fundi wake wa kupima mawe. Alisoma, akageuka. Alimwambia jirani, "Mimi si mwizi wa nyumba. Wakishapatana wenyewe kwa wenyewe, wataniita, nikiwa bado na pesa." Amerudi Katogota.

Sasa picha. Niliipiga nikiwa nimesimama juu ya meza. Ile meza kubwa ya kulia chakula, nimeisogeza hadi katikati ya uwanja, nimepanda, nimepiga kutoka kiuno cha mama kwenda juu. Chini ya kiuno ni maji. Yalimfika kwenye magoti. Kitenge kipya alikikunja akakifunga juu ili kionekane kikavu, akaniambia, "Piga haraka, nacheka sasa." Ukuta mukavu unaouona nyuma ni sehemu ya juu ya mlango.

Yaya, maji yaliingia mwisho wa Aprili, yakakaa hadi mwisho wa Juni. Chumba chako na cha baba sakafu imepasuka. Wiki nane mama amelala juu ya milango miwili niliyoilaza kwenye matofali. Asubuhi anashusha mguu polepole, kwanza anapima maji kwa kidole. Kila asubuhi. Yakipungua upana wa kidole anafurahi, yakiongezeka ananiambia yamepungua.

Amenikataza nisikuambie kwa sababu ya mwaka wa 2020. Uliacha kazi yako ukaja kutubebea magodoro, uliporudi ukakuta nafasi yako imekaliwa na mwingine. Alisema hataki ziwa likufukuze kazi mara mbili. Nami nimekubali kudanganya. Hilo ni kosa langu, nalibeba. Lakini weye umeuchukua ule uongo wangu ukauweka pamoja na namba ya redio, ukajenga nyumba nyingine kabisa, nyumba nzuri, ambayo haiko Kalundu.

Mvua zinarudi Septemba mwisho. Minye sitamlaza mama juu ya milango tena. Tia sahihi ama uje nawe ulale, milango bado ipo.

Mdogo wako,
Chadia


Kalemie, tarehe 21 Agosti 2024

Mjomba,

Nimesoma barua ya Chadia nikiwa kazini, nikaomba ruhusa nikaenda kukaa ufukweni. Nimeitazama ile picha tena. Sasa naona mkono wa mama umekamata fremu ya mlango. Zamani niliona anajiegemeza tu.

Sitabishana juu ya maji tena. Lakini kuna jambo linanichanganya kichwa, na weye ni mwalimu, unieleze. Juzi redio imetoa habari mpya. Mtangazaji amesema wazi: "Kalundu, karibu na bandari, nyumba ya vyumba vinne sasa inafika dolari elfu thelathini na nane." Kalundu, Mjomba! Si Uvira nzima, Kalundu yenyewe. Vyumba vinne, kama yetu. Na wakati ambapo maji yamepita. Na elfu thelathini na nane ndiyo namba niliyokuwa nayo moyoni tangu Juni, sikumtajia mtu wa nyumbani hata mmoja.

Kama redio inadanganya, imejuaje namba ya moyoni mwangu?

Nenda uwaulize. Ukileta jibu lenye miguu, nitasimama juu yake. Kalamu iko mezani, PV iko mezani. Ila sitaki mama auze nyumba kwa hasara halafu mwezi ujao jirani auze kwa thelathini na nane.

Bilal


Uvira, tarehe 31 Agosti 2024

Bilal, mpwa wangu,

Swali lako ni zuri kuliko yote uliyoniuliza tangu ukiwa mtoto, na nimelitembelea kwa miguu.

Nilienda redioni Jumatatu. Mwandishi wa zile habari anaitwa Victoire, binti mwenye umri kama wa Chadia, aliyesomea kazi hiyo Bukavu. Aliponiona na fimbo yangu na miwani akashtuka.

"Mwalimu, umekuja kunishitaki?"

"Hapana, binti yangu. Matokeo nimeyasikia redioni. Nimekuja kuona njia uliyopita."

Akacheka, maana alifundishwa hesabu na mwanafunzi wangu, na huyo naye alikuwa akidai njia. Akafungua daftari lake bila kuficha. Namsifu kwa hilo. Watu wazima wengi wangelikalia daftari.

Ukurasa wa Mei. Nyumba moja ya ghorofa, kwenye barabara kubwa, ina ukuta wa kuzunguka, kisima na mashine ya umeme. Imenunuliwa na shirika fulani kwa elfu thelathini na nne. Hiyo ni kweli, imelipwa. Nikamuuliza, "Na nyumba nyingine?"

"Nyingine sikupata. Waliouza hawataki kusema bei. Nina dakika mbili za habari, Mwalimu, na mkubwa wangu anataka namba."

Basi nyumba moja ya ghorofa ikasomwa redioni kuwa "nyumba za Uvira."

Kisha ukurasa wa Agosti. Nakunakilia kama ulivyo: "Kalundu. Vyumba vinne, matofali ya kuchoma, mlango wa bluu, unatazama bandari. 38,000. Nimeambiwa na Chadrack, komisioneri."

Mlango wa bluu, Bilal. Nilikuwapo siku baba yako alipoupaka, kwa rangi iliyobaki ya boti. Katika avenue ile hakuna mlango mwingine wa bluu.

Nilimkuta Chadrack akinywa chai mbele ya duka la vipuri. Nikamuuliza namba ile aliipata wapi. Hakuona haya hata kidogo. "Kwa mwenye nyumba, Mwalimu! Mtoto mkubwa, yule wa Kalemie. Alinipigia simu mwezi wa sita akaniambia nisishuke chini ya hapo. Yule dada wa redio aliponiuliza bei za Kalundu, nikamtajia niliyo nayo."

Sasa fuata kwa kidole. Ulisikia namba ya nyumba ya ghorofa. Ukaongeza kidogo kwa ajili ya bandari. Ukamwambia Chadrack. Chadrack akamwambia Victoire. Victoire akaiambia Uvira yote, na wewe kule Kalemie ukaisikia, ukashangaa jinsi inavyofanana na ile ya moyoni mwako. Redio haikujua moyo wako. Ilikusomea barua yako mwenyewe.

Wala Victoire hakusema uongo. Alisema "inafika," wala hakusema "imelipwa." Nilimwonyesha tofauti, akaona haya, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: *iliyoombwa*. Lakini ninyi mnaosikiliza hamkusikia kalamu nyekundu.

Na madhara hayaishii kwako. Jirani yetu wa mkono wa kulia, mama Pétronille, alikuwa na mnunuzi wa elfu kumi na sita. Aliposikia habari ya Agosti akamkatalia, akataka thelathini na tano, kwa kuwa nyumba yake ina vyumba vinne kama ile ya redioni. Mnunuzi hakurudi. Mama Pétronille ana umri wa mama yako, na maji yalipanda kwake kuliko kwetu. Namba uliyoiota wewe ndiyo inayomweka pale.

Sikuandikii haya ili nikuumize. Ulitaka jibu lenye miguu. Hilo hapo, limesimama. Tarehe kumi na tano iko karibu, na Florentine ameonekana akitazama depo nyingine.

Mjomba wako,
Ismaili


Kalemie, tarehe 6 Septemba 2024

Mjomba,

PV hii hapa, nimetia sahihi.

Ni kweli. Nilimwambia Chadrack thelathini na nane na nikasahau kama nimemwambia. Sikusahau sana. Nilitaka kusikia kwa mtu mwingine, ndipo niamini. Nilipoisikia redioni niliwanunulia wenzangu soda, Mjomba. Watu saba. Tulikunywa nyumba ya baba ikiwa bado na matope ndani.

Mwambie Florentine anisamehe kwa ule ukuta. Kama hataki tena, mtafuteni mwingine, bei mtakayopata ni sawa, msiniulize. Mwambie mama namba yoyote anayokubali yeye ni yangu pia.

Chokaa ya kufuta yale maandishi nitailipa minye.

Bilal


Uvira, tarehe 22 Septemba 2024

Bilal, mpwa wangu,

Karatasi yako ilifika tarehe kumi, saa nne asubuhi. Lakini chokaa hukuilipa wewe. Siku mbili kabla boti haijafika, mama yako alinunua mfuko, akaukoroga kwenye beseni la kufulia na kuufuta ukuta peke yake. Nilimkuta ameweka mkono wa pili. Nikamwambia, "Zaina, sahihi ya mtoto bado haijaja." Akanijibu bila kugeuka, "Inakuja. Nimemzaa minye, si redio."

Tarehe kumi na moja tulipanda gari kwenda Katogota, mimi na yeye. Nilitaka kwenda peke yangu, akakataa. Tulimkuta Florentine akigeuza mpunga juani kwa miguu, huku na huku, bila kusimama.

"Mama, ukuta wako ulinifukuza," akasema.

"Nimeufunga mdomo. Sasa nasema minye."

"Sema basi."

"Nyumba ina nyufa nne. Tatu uliziona, ya nne iko nyuma ya kabati, njoo nitakuonyesha. Uninunulie au usininunulie, lakini uniambie leo."

Florentine akacheka hadi akasimama. Akasema pesa nyingine ameziweka kwenye mchele tangu siku ile, hawezi tena kufika kumi na saba na mia tano. Alitaja kumi na tano. Dada yangu akataja kumi na saba. Wakazunguka pale juu ya mpunga kwa muda ambao ungekuchekesha, na mimi nikiwa nimeshika viatu vyao wote wawili. Walikutana kwenye kumi na sita.

Shefu wa avenue alipiga muhuri tarehe kumi na tatu, mbele ya mashahidi. Siku hiyo hiyo tulimlipa mzee Selemani, zikiwa zimebaki siku mbili. Mama yako alihama tarehe kumi na nne, na mlango wa bluu tumeuomba kwa Florentine, akatupa. Sasa uko huku juu. Elfu moja na mia tano zilizopotea ni gharama ya rangi nyekundu. Naitaja mara hii moja, kisha tumemaliza.

Mvua ya kwanza imenyesha juzi mchana. Chadia alitaka kumwingiza mama yako ndani. Alikataa, akavuta kiti barazani akalitazama ziwa lote kutoka juu, na miguu yake mikavu ameinyoosha mbele. "Leo inyeshe," akasema.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito kuliko sahihi. Victoire alikuja kututembelea. Ameacha kuuliza makomisioneri. Sasa anawatafuta watu waliouza kweli, ili asome bei zilizolipwa. Amewafikia tisa, na wote wamekataa kusema. Kila mmoja anaona haya, anadhani ni yeye peke yake aliyeuza chini ya bei ya redio. Basi waliouza wananyamaza, wasiouza ndio wanaosema, na namba ya redio inabaki juu kama tiara. Mama Pétronille bado anaingojea. Mlango wake uko pale pale, na mvua imeshaanza.

Ningeweza kumtajia Victoire bei yetu mimi. Mama yako alitaka kumtajia. Nimewaomba wote wawili, yeye na Victoire, wangoje. Namba ya Kalundu ilitoka kinywani mwako, na watu wa Kalemie waliokunywa soda yako wanaisikiliza redio hii hii. Najua watakucheka sokoni. Fundi mwenzako atakuwa na la kusema kwa mwezi mzima. Mwache aseme, ushike spana yako.

Mama yako ni mzima, analala kitandani.

Mjomba wako,
Ismaili

Namba ya simu ya Victoire nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mpigie leo, umtajie jina lako, na umwambie elfu kumi na sita.